Usitoke Mpaka Nije Mwenyewe

Wazo la kwenda jeshini halikuwa langu. Lilikuwa la mama, na alilitoa kwa kejeli, ndani ya chumba cha daktari, bila kujua kwamba katika maneno yote yaliyosemwa siku ile, hilo ndilo pekee nitakaloondoka nalo.

Nilikuwa nimemaliza kidato cha sita, na matokeo yangu yalikuwa ya mtu aliyefanya mtihani huku akiangalia dirishani, kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Mama ni mwalimu wa shule ya msingi. Ni mtu wa Kagera, alikuja Mwanza kusomea ualimu pale Butimba na hakuondoka tena, na kwao watoto hupongezwa kwa shahada kama wengine wanavyopongezwa kwa harusi. Kwa hiyo kufeli kwangu hakukuwa jambo langu peke yangu. Alinipeleka hospitali moja ya mjini akiwa amebeba ripoti zangu zote tangu darasa la kwanza, akazipanga juu ya meza ya daktari moja baada ya nyingine, kama mtu anayetoa ushahidi mahakamani. Zote zilikuwa na sentensi ile ile kwa mwandiko tofauti: ana uwezo, ila hatulii.

"Daktari, huyu ukimtuma chumvi atarudi na habari za msiba wa mtaa wa pili," mama alisema. "Habari kamili, na majina ya wafiwa. Chumvi hana."

Daktari alikuwa kijana, wa magonjwa ya akili, na alikuwa na subira. Aliniuliza maswali mengi. Katikati ya swali la saba au la nane niligundua kwamba pangaboi lake lina utando wa buibui kwenye panga moja tu, nikaanza kujiuliza kwa nini buibui alichagua hilo, na nilipomrudia daktari alikuwa amenyamaza akinitazama huku akitabasamu. Akaandika kitu. Kisha akamwambia mama kwamba mimi si mjinga wala si mvivu, ila nina tatizo la umakini, watu huzaliwa nalo, na umakini wangu haukai mahali pamoja.

"Hilo nalijua bila kusomea udaktari," mama akasema.

Daktari akaeleza kwamba tatizo hilo lina dawa. Dawa yenyewe tuliitafuta baadaye katika maduka matatu ya Nyamagana bila kuipata, na katika duka la nne wakatupatia vitamini. Lakini la maana zaidi, alisema, ni mazingira. Mtu kama mimi anahitaji ratiba isiyobadilika, maelekezo mafupi ya wazi, mazoezi ya mwili kila siku, na mtu wa kumkumbusha.

"Waitu!" mama akashangaa kwa lugha ya kwao. "Si useme tu tumpeleke jeshini."

Akacheka, na daktari akacheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimesikia kila neno, jambo lililokuwa geni kwangu.

Fomu ya kujiunga ilikuwa na maswali mengi, na moja liliuliza kama nimewahi kutibiwa ugonjwa wowote wa akili. Ningependa kusema kwamba nilipambana na dhamiri yangu. Ukweli ni kwamba niliruka lile swali bila kuliona. Niligundua wiki mbili baadaye, nikiwa tayari kambini, nikakaa nasubiri kuitwa na kufukuzwa. Hakuna aliyeniita. Jeshi, ambalo lingetumia miaka miwili kunifundisha kuwa makini, lilikuwa limepokea fomu yenye nafasi tupu, likaigonga muhuri.

Kambi yenyewe sitaitaja. Ilikuwa upande wa mashariki, ukiipita Magu kidogo, mahali ambapo majaruba ya mpunga yanashuka taratibu mpaka yanakutana na matete ya ziwa. Tuliingia kama vijana wa kujitolea. Tungekaa miaka miwili, na mwishoni wakubwa kutoka makao makuu wangekuja kuchagua wachache wa kuajiriwa jeshini moja kwa moja. Waliobaki wangepewa cheti na kurudi makwao.

Mimi nilitaka kuchaguliwa. Naandika hivyo wazi kwa sababu wakati ule nilijifanya sijali, na kujifanya huko kulinichosha kuliko mazoezi. Mshahara niliutaka kama kila mtu, lakini si huo uliokuwa unanikosesha raha. Nilitaka kuwa mtu anayeweza kuachiwa kitu. Nyumbani sikuachiwa kitu chochote. Sikuachiwa jiko likiwaka wala mtoto wa jirani wala ufunguo, na kila aliyekuwa akitoka alimtafuta mwingine wa kumwachia maagizo hata kama mimi ndiye niliyekuwa nimekaa mlangoni. Niliamini kwamba mtu akishavaa sare ya kweli, watu hawawezi tena kumpita hivyo.

Mama aliniaga stendi kwa maneno machache. "Kitanda chako sikigusi," alisema. "Najua tutaonana kabla ya mwezi kuisha."

Wengi hudhani kwamba jeshi lilinitesa. Wanasikia mtu asiyetulia kaenda jeshini, wanaanza kucheka kabla sijafika katikati. Basi nawaambia kwamba miezi ile ya mwanzo nilikuwa na raha ambayo sijaipata tena. Kwa mara ya kwanza maishani sikuhitaji kukumbuka ratiba. Ratiba ilikuja yenyewe ikipuliza filimbi. Hakuna aliyeniambia "utafanya baadaye." Kila kitu kilikuwa sasa hivi, kwa kelele, na watu mia mbili wengine wakikifanya pembeni yangu kiasi kwamba hata ungetaka kusahau usingepata nafasi. Alfajiri tulikimbia mchakamchaka mpaka jua linachomoza, na mwili ukishachoka hivyo, kichwa changu kilitulia kama mtoto aliyenyonya. Wenzangu walilia kwa uchovu. Mimi nilikuwa naona ajabu kwamba tiba imekuwepo siku zote na inatolewa bure.

Tatizo lilikuwa kusimama. Kwenye kwata, amri zote zilizohusu kwenda nilizifanya vizuri. Lakini kuna ile ya kusimama wima bila kutikisika, macho mbele, dakika kumi, ishirini, wakati mkubwa mmoja anapita kukagua vifungo. Hapo nilikuwa naondoka. Mwili ulibaki mstarini na mimi nikawa nafuata mwewe angani, au nahesabu mabati ya jikoni, na mstari mzima ukigeuka nyuma nilikuwa nabaki nimetazamana na watu mia mbili. Nimeruka kichura kwenye uwanja ule mpaka nikaujua udongo wake. Nilipoteza mkanda mara tatu. Nilipoteza kikombe. Siku moja nilipoteza kiatu kimoja, na sajenti wetu alikiri mbele ya kombania nzima kwamba katika miaka yake yote hajaona jambo hilo, maana hata wezi huiba viwili.

Sajenti huyo ndiye aliyekuwa msimamizi wa shamba. Alikuwa Msukuma mrefu, mwembamba, mwenye sauti ya kufika ng'ambo ya ziwa, na herufi ya r hakuihitaji katika maisha yake. Hakuwa mtu mbaya. Alitupigia kelele sote kwa usawa na hakumchukia mtu.

Wa pili wa kumjua ni rafiki yangu, binti wa wakulima wa mpunga kutoka Magu, aliyelala kitanda cha chini katika bweni letu la wasichana wakati mimi nikilala cha juu. Huyo ndiye aliyenisaidia kuishi. Kila asubuhi aliniangalia kuanzia kichwani mpaka miguuni kama mama anayempeleka mtoto kanisani, akasema "mkanda," au "kofia," au siku mbaya "kila kitu." Alitaka kuchaguliwa kama mimi, na alikuwa na kila sababu ya kuniacha nijimalize mwenyewe. Hakuniacha.

Hivyo nikafika mwaka wa pili, na kitandani kwangu Butimba, kama alivyoahidi mama, hakuna aliyelala.

Mpunga wa kambi ulipotunga maziwa, kwelea kwelea walikuja. Asiyewajua hao ndege anaweza kudhani nazidisha. Ni wadogo, hawafiki hata ngumi, lakini wanakuja kama moshi, wanatua kwenye jaruba kwa pamoja, wananyonya punje zikiwa bado laini, na wakiondoka wanaacha mashuke yamesimama mazuri kabisa, matupu. Dawa yake ni mtu. Katikati ya mashamba kulikuwa na dungu, yaani kichanja cha miti chenye ngazi, na anayelinda alikaa pale juu tangu kunapambazuka mpaka ndege wanapokwenda kulala, akiwa na kombeo, mawe ya udongo, na kamba ndefu zilizofungwa makopo. Kazi hiyo ya kufukuza ndege inaitwa kuamia, na makuruta waliiogopa kuliko kuruka kichura. Si kwamba ni ngumu. Inachosha kwa kutokuwa na kitu. Unakaa saa nzima hakuna ndege hata mmoja, unaanza kuwaza mambo yako, unazama humo, na ukiinua macho jaruba limeshaliwa.

Unaona inapoelekea. Kuzama sikuwahi kuweza. Kwangu kila kinachotikisika kinaniita. Jani likitikisika nimeshaligeukia, kivuli kikipita nimeshakiona, na kabla sijamalizana na kivuli nimesikia kitu nyuma ya mgongo. Darasani huo ulikuwa ugonjwa. Juu ya dungu ilikuwa kazi yenyewe. Zamu yangu ya kwanza hakuna kundi lililotua. Walikuja kutoka matete ya ziwa, wakakuta makopo yanalia. Wakazunguka upande wa barabara, wakakuta jiwe. Wakapanda juu wakashauriana, wakaenda mashamba ya watu wengine.

"Macho yako kama ya kuku," rafiki yangu aliniambia jioni ile, na yeye alikulia kwenye mpunga, kwa hiyo niliichukua kama sifa.

Sajenti alitembea kwenye majaruba yote siku ya pili na ya tatu akitafuta shuke tupu. Kisha akaja kusimama chini ya ngazi.

"Kuluta, nani kakufundisha kuamia?"

"Hakuna, afande. Mimi ni mgonjwa."

Sijui kwa nini nilisema hivyo. Ni sehemu ya ugonjwa wenyewe, maneno kutoka kabla hujayaruhusu. Nikamweleza pale pale yote niliyoyaruka kwenye fomu, daktari, ripoti, umakini usiokaa mahali pamoja. Alinisikiliza akiwa ameinua uso, kisha akaangua kicheko mpaka akashika ngazi.

"Basi usipone," alisema. "Usipone mpaka tuvune."

Tangu siku hiyo sikushuka. Zamu za wengine zilifutwa. Wenzangu walienda kwata, mimi nilienda dunguni. Walienda kulenga shabaha, mimi nilikuwa nalenga ndege. Chai yangu ililetwa na aliyekuwa na zamu ya jikoni. Mkuu wa kambi mwenyewe alipita siku moja akauliza kama mimi ndiye yule, na akasema "vizuri," neno moja tu, ambalo niliishi nalo wiki nzima. Nilifurahi. Kwa nini nidanganye? Nilikuwa nimeachiwa kitu, eneo zima la mpunga, na aliyeniachia alienda zake bila kugeuka nyuma.

Rafiki yangu peke yake hakufurahi. "Wanaochaguliwa ni wanaoonekana uwanjani," aliniambia. "Wewe unaonekana na ndege tu."

Nilimwambia ana wivu. Hilo nalo lilitoka kabla sijaliruhusu, na nilimwomba msamaha kesho yake.

Tuliambiwa kwamba wakubwa kutoka makao makuu watafika wiki ile, siku haijulikani. Utaratibu ulikuwa mmoja: wangefika, kombania ingepangwa uwanjani, wangekagua, wangetukimbiza, wangehoji, na wangeondoka na orodha yao jioni ile ile. Hawakuwa wanaita majina. Walichagua katika waliosimama mbele yao. Siku mbili kabla, kuruta mmoja aliyeachiwa dungu kwa nusu saa tu nilipokwenda kupimwa sare alishuka kwenda kutafuta maji, na jaruba moja zima likaliwa. Mkuu wa kambi alikasirika sana. Alitaka wageni wake waukute mpunga umejaa.

Basi asubuhi ya siku yenyewe, tukiwa bado tunafunga kamba za viatu, habari zikaja kwamba magari yameshatoka mjini. Sajenti akanifuata. Nilikuwa nimevaa sare safi, mkanda upo, kofia ipo, viatu viwili.

"Wewe nenda dunguni kwanza," alisema. "Ndege hawajui kama kuna wageni. Wakianza kupanga mistali, nakuja kukuita, naweka mtu mwingine pale. Umenisikia?"

"Nimesikia, afande."

"Usitoke mpaka nije mwenyewe."

"Sawa, afande."

Alinishika bega aliposema hivyo. Hakuwa na desturi ya kushika watu mabega, na mimi nikajua kwamba ananiamini.

Nikapanda. Ndege walikuja mapema siku ile, wengi, labda nao walikuwa na wageni. Nikawafukuza. Jua likapanda. Kutoka dunguni uwanja hauonekani, umefichwa na mabweni na miembe ya jikoni, ila sauti inafika. Nikasikia magari. Nikasikia filimbi. Nikasikia sauti ya sajenti, ile ya kufika ng'ambo, ikiita kombania ijipange, nikafunga vizuri mkanda na kuangalia njia ya shambani.

Aliyetokea njiani ni rafiki yangu. Alikuwa anakimbia, ameshika kofia mkononi.

"Wanapanga mistari! Shuka!"

"Afande kasema nisitoke mpaka aje."

"Afande yuko mbele anapiga saluti! Hatakuja! Shuka twende!"

"Atakuja. Kasema mwenyewe."

Alinitazama kwa namna ambayo mpaka leo naiona. Alikuwa amebakiza dakika chache na alikuwa amezitumia kunifuata mimi. Akasema neno moja la Kisukuma ambalo sikulielewa na sikuhitaji kulielewa, akageuka, akakimbia.

Nieleze nilivyowaza, kwa sababu nimeulizwa na watu wenye akili timamu kwa nini sikushuka. Maisha yangu yote nimeacha vitu katikati. Nimeacha maji yakifurika kwenye ndoo kwa sababu ya wimbo wa jirani. Nimeacha mtihani wa hesabu kwa sababu ya dirisha. Sababu zote hizo zilikuwa ndogo kuliko hii. Na sasa nilikuwa nimeachiwa kitu kimoja, kwa amri moja, fupi, ya wazi, kama daktari alivyosema. Nilijiona nikishuka, naye akija kwa njia nyingine na kukuta dungu tupu na mpunga umejaa ndege, na kusema kumbe ni yule yule. Ningekuwa nimechaguliwa kwa kuthibitisha kila kitu kilichoandikwa kwenye ripoti zangu. Niliona bora nisubiri. Mtu aliyeniamini hivyo asingenisahau.

Nikakaa. Saa nne ikapita, saa sita ikapita. Nilisikia kombania ikikimbizwa, ikiimba, ikarudi. Chai haikuletwa, wala chakula, kwa sababu waliokuwa jikoni nao walikuwa uwanjani. Kila kundi lililokuja nililiona, na sikumbuki kama kulikuwa na dakika moja ambayo kichwa changu kiliondoka pale. Kilikuwa kimekaa mahali pamoja kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe, na nilitamani kuwe na mtu wa kumwonyesha.

Kama saa tisa hivi magari mawili yalitoka kambini yakapita barabara ya kando ya mashamba. La mbele likasimama. Nilijua wamekuja kuniita. Nikasimama wima pale juu, mikono ubavuni, macho mbele, msimamo ambao uwanjani haukuwahi kunitoka vizuri. Mkubwa mmoja mnene akashuka, na mkuu wa kambi akashuka upande wa pili akamwonyesha kwa fimbo yake, kutoka huku mpaka kule. Yule mkubwa akatazama mpunga. Akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Kisha wakapanda, wakaenda, na vumbi lao likachukua muda mrefu kutua. Nilibaki nimesimama wima mpaka lilipotua lote.

Sajenti alifika saa kumi na mbili jioni. Alikuja taratibu juu ya tuta, mikono nyuma, akavunja shuke moja, akatafuna punje, akatema. Akavunja la pili. Alikuwa amefika karibu kabisa na ngazi alipoinua uso akaniona.

"Aa! Bado upo?"

"Uliniambia nisitoke mpaka uje, afande."

Nikaona uso wake ukibadilika. Alivua kofia.

"Nilisahau," alisema.

Hapo ningekuwa na haki ya kuwa na hasira kuliko mtu yeyote katika mkoa ule, na sikuweza kuipata. Nimeambiwa tangu utotoni kwamba anayesahau hajali. Kama ungekuwa unanipenda, ungekumbuka. Kama ungekuwa na heshima, ungekumbuka. Katika kambi nzima mimi peke yangu ndiye niliyejua kwamba si kweli, kwamba mtu anaweza kujali sana na kitu kikamtoka hivi hivi, kama maji kwenye vidole, kwa sababu gari limeingia na filimbi imelia. Nilimwona alivyosahau. Nilikuwa nalijua jambo hilo kwa ndani. Kwa hiyo nilikosa hata mtu wa kumchukia, na naweza kusema hilo liliniuma kuliko kukosa kazi. Nikasema "Sawa, afande," nikashuka ngazi na miguu imekufa ganzi, nikalia njia nzima mpaka bwenini.

Alijaribu. Nampa haki yake. Alikwenda kwa mkuu wa kambi jioni ile ile, akasimama mlangoni, akakiri. Mkuu akaandika barua, na jibu likarudi fupi kwamba waliokaguliwa ni waliokuwepo uwanjani. Rafiki yangu alichaguliwa. Yuko jeshini mpaka leo, ananipigia simu, na akianza kuzungumzia siku ile namwambia mtandao unasumbua. Sajenti alipandishwa cheo mwaka huo, kwa sababu mavuno yalikuwa makubwa. Mimi siku ya kufunga mafunzo niliitwa mbele, nikapigiwa makofi, nikapewa cheti kilichoandikwa kwa wino wa dhahabu: kwa uaminifu na umakini.

Siku hizi nina kibanda cha kutengeneza simu pale Nyamagana, kazi nzuri kwa mtu kama mimi, kila dakika kumi tatizo jipya. Cheti kiko ukutani. Wateja wanakisoma wakisubiri, na wengine wanaacha simu zao kwa moyo mweupe kwa ajili yake.

Baada ya mafunzo nilirudi Butimba na begi moja. Mama hakuuliza chochote mpaka nilipomaliza kula. Kisha nikamweleza yote, kwa mpangilio, tangu kamba za viatu. Nilitaka akasirike. Nilitaka yule mwalimu aliyewahi kumfuata mkuu wa shule hadi kwake kwa sababu ya alama mbili avae viatu aende hadi makao makuu. Lakini alikuwa amekwama mahali pengine.

"Subiri," alisema. "Ulikaa hapo tangu asubuhi?"

"Ndiyo."

"Mpaka jioni? Wewe? Bila kushuka?"

"Bila kushuka, mama."

Akaanza kucheka, kicheko cha furaha, mkono kifuani, machozi yakimtoka. Akamwita jirani. Akampigia simu dada yake Bukoba, akamwambia mtoto amekaa mahali pamoja kwa saa kumi na mbili, ndiyo, huyu huyu, hapana hakufungwa kamba, na nikasikia upande wa pili wa simu nao wakishangilia. Mimi nilikaa kwenye kiti changu nikiwaangalia wakifurahi. Alipokata simu bado alikuwa anajifuta macho kwa khanga.

"Mwanangu," alisema, "sasa hapo juu siku nzima ulikuwa unafanya nini?"

"Nilikuwa nasubiri kuitwa."

Mama akaacha kucheka. Alikaa kando yangu, akakunja pindo la khanga.

"Lakini huyo afande alikuja," alisema. "Si umesema jioni alikuja?"

"Alikuja."

"Basi alikukumbuka."

"Hapana, mama. Alikuja kuangalia mpunga."